Vijana wananishikia tochi mwaka mzima: niwafundisheje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi mkuu wa majokofu na viyoyozi katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, nina miaka 16 kazini. Mwaka jana ofisi ilinikabidhi vijana wawili niwalee. Mmoja ana cheti cha chuo, mwingine alijifunzia mtaani Tandale, hana karatasi yoyote. Nawaeleza kila kitu, wanaitikia "sawa bosi", lakini nikiwaacha peke yao kazi inarudi. Yule wa mtaani ana mikono mizuri; wa chuo naanza kuamini hana kipaji. Fomu zao za tathmini nazijaza mimi. Nakosea wapi? Na je, kazi hii ya ziada nisilipwe?
Fundi, Tabata

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hiyo "sawa bosi". Kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mkubwa wake "sijaelewa" mbele ya mteja. Ukimuuliza "umeelewa?" umemwachia jibu moja tu la adabu, naye analitoa. Swali hilo lifute. Mpe geji ya kupimia presha ya gesi mkononi, mwambie: "Nionyeshe."

Halafu jichunguze unazungumza wakati gani. Nahisi unafanya kama nilivyofanya mimi zamani: unafika kwa mteja, unatazama, unataja ugonjwa, ndipo unaanza kueleza. Kijana ameshapata jibu, njia ya kulifikia hakuiona. Aseme yeye kwanza.

Kuna siku nilikuwa Feri na kijana wangu, chumba cha ubaridi cha mfanyabiashara wa samaki hakipoi. Akafunga geji, presha ya upande wa chini ikasoma chini kuliko kawaida. Papo hapo mkono ukaenda kwenye mtungi wa gesi. Nikamzuia: kabla hujafungua, nitajie kitu kingine kinachoweza kushusha presha hiyo. Kimya. Mwenye samaki amesimama mlangoni anahesabu hasara yake, nami natamani nimalize mwenyewe tuondoke. Nikajikaza. Nikamwambia ashike filta draya, kile kichujio cha gesi kinachonyonya unyevu, ncha zote mbili. Ya kuingilia ilikuwa vuguvugu; ya kutokea ilikuwa baridi, inatoka jasho. Akanigeukia: "Imeziba, mzee?" Ilikuwa imeziba. Gesi ilitosha, angeongeza, ugonjwa ungebaki palepale na kompresa, pampu inayosukuma gesi, angeitesa bure.

Kilichoniuma ni kwamba kushika draya nilikuwa nakufanya kila siku mbele yake, na sikuwahi kukutaja hata mara moja. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nawe kwa miaka 16 una mambo kama hayo mengi, ndiyo maana maelezo yako, hata yawe marefu vipi, yanaruka hatua bila wewe kujua. Fanya kazi huku unasema: nasikiliza kompresa, naangalia kama mpira wa mlango unabana, naangalia kama kuna barafu kwenye koili. Wiki ya kwanza utajiona kama umechanganyikiwa.

Sasa tochi. Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Jean Lave, alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, akiangalia wanavyofundisha wanagenzi. Mwanagenzi hakuanza na mkasi. Alianza na mwisho wa kazi: vifungo, pindo, pasi. Kisha akaingia kwenye kushona, na kukata kitambaa kukawa mwisho kabisa. Ukikosea kifungo unafumua; ukikosea mkasi, kitambaa cha mteja kimekwenda. Halafu aliyepiga pasi suruali nyingi anajua suruali iliyokamilika ikoje kabla hajakata hata moja.

Kwenu mwisho wa kazi ni makabidhiano: kupima joto la chumba, kusoma presha na ampea za kompresa, kuandika, kumweleza mteja. Wape sehemu hiyo iwe yao kabisa, uitie saini tu. Wakiiweza, wape kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa yote kwenye mabomba, na kujaza gesi kwa mizani. Kutafuta ugonjwa kuwe mwisho. Kukisia wakisie tangu siku ya kwanza. Kuamua ndiko kunakosubiri. Kushika tochi si hatua ya kazi yoyote, ndiyo maana mwaka umeisha nao wako palepale.

Kuhusu kipaji, usiharakishe. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki 1934, alishauri tusipime tu kile mtu anachoweza peke yake, tupime pia anachoweza akisaidiwa kidogo. Mpe yule wa chuo tatizo pamoja na dokezo moja. Akifika, anajifunza, bado tu hajazoea. Na huyo wa Tandale usimwamini kupita kiasi: muulize "kwa nini". Wengi waliojifunzia gesi ya R22 wanakumbuka namba za geji kama namba za simu, na wakikutana na gesi ya R410A, ambayo presha yake iko juu sana kuliko hiyo, wanapotea. Wafanye kazi pamoja. Mmoja afundishe jedwali la presha na joto, mwenziwe afundishe kuchomea mabomba. Huyo wa mtaani mpeleke VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, pia; wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, apate cheti chake.

Fomu za tathmini iombe ofisi impe mtu mwingine. Nani atakuonyesha asichokijua, wakati wewe ndiye unayeamua mkataba wake? Wewe kaa na daftari tu: tarehe, hitilafu, walichokisia, kilichokutwa. Wahandisi wahitimu walio kwenye mpango wa uanagenzi wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi huandika kumbukumbu za namna hiyo kwa miaka 3.

Malipo? Dai, ila dai muda kwanza. Huwezi kumwachia kijana dakika ishirini za kufikiri wakati una wateja saba kabla ya foleni ya jioni. Omba upunguziwe kazi siku mbili za wiki. Meneja akikataa, hesabu kazi zote zilizorudi mwaka huu, weka na mafuta ya gari ya kwenda Bunju au Mbagala mara ya pili kwa jokofu lilelile, halafu umwekee karatasi hiyo mezani.