Sindano ya ganzi ya jino: nambie kabla sijachoma

Wengi wakikaa kwenye kiti cha meno huniuliza kama sindano itauma. Mimi nataka kusikia kwanza unatumia dawa gani, una presha au ugonjwa wa moyo, na kama ganzi imewahi kukusumbua. Ukimeza propranolo, dawa ya presha na moyo, kwa mfano, lazima nijue, kwa sababu ganzi nyingi za meno zina adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, na zikikutana presha inaweza kupanda ghafla.

Lignokeni, dawa tunayoitumia zaidi, ni salama, lakini kipimo chake hufuata uzito wa mwili. Chukua mtoto wa kilo 15. Kwa kikomo cha miligramu 4.4 kwa kilo, hatakiwi kuzidi miligramu 66. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 chenye lignokeni ya asilimia 2 kina miligramu 36. Viwili tu, umeshavuka. Wazazi huniomba ning'oe meno yote mabovu siku hiyohiyo kwa sababu ya nauli, na nawaelewa kabisa, lakini kwa mtoto mdogo nagawa kazi. Na apandishwe kwenye mizani. Usikubali uzito wa kukadiria kwa macho.

Dawa ikizidi, au ikiingia moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, huanza kwa ladha ya chuma, masikio kuvuma, kizunguzungu, maneno kuchanganyika. Ikiendelea huja degedege, na moyo unaweza kusimama. Midomo nayo hufa ganzi, ila kwetu wa meno hiyo haisaidii sana, maana hufa ganzi hata mambo yakiwa sawa. Ndiyo maana navuta bomba nyuma kidogo kuangalia damu, kisha nasukuma dawa polepole. Ukisikia masikio yanavuma, nyoosha mkono hapohapo. Usijikaze.

Moyo kwenda mbio kwa dakika chache mara nyingi ni adrenalini, na hutulia. Wapo wanaozimia kisha wakaamini wana mzio wa ganzi. Mzio wa kweli wa lignokeni ni nadra sana. Wengi huangushwa na hofu na njaa. Kwa ganzi ya kawaida, kula kabla ya kuja. Kama utalazwa usingizi, hapo fuata maelekezo ya kufunga.

Mtoto akirudi nyumbani, mchunge. Mdomo wa chini hukaa na ganzi saa kadhaa, naye huutafuna bila kusikia chochote. Kesho yake umevimba na una utando mweupe, mama anadhani ni usaha, anakimbilia antibayotiki. Mtoto asile chochote cha kutafuna mpaka ganzi iishe.

Kwa mtu mzima, kope ikigoma kufumba baada ya sindano, dawa imegusa neva ya uso. Kwa kawaida hurudi ganzi ikiisha, ila jicho lifunikwe lisikauke. Na ulimi au mdomo ukiamka kesho yake bado una ganzi, rudi kwa aliyekuchoma siku hiyohiyo, aandike mahali penye ganzi na kukufuatilia.