Tumbili wetu ameanza kuuma, tumkate chonge?

SWALI: Dokta, habari za kazi. Nina tumbili dume anaitwa Bosi. Nilimnunua kando ya barabara ya Morogoro akiwa kichanga, sasa anaingia mwaka wa tano. Alikuwa mpole, analala kochini na watoto. Miezi ya karibuni amekuwa mkali, tumemfunga mnyororo kwenye mwembe. Kutwa anayumbayumba, anajing'ata mkono mpaka damu, na korodani zimegeuka rangi ya buluu, sijui ni ugonjwa gani. Ijumaa iliyopita alimuuma binti yangu Nasra kidoleni. Jirani anasema tumkate chonge atatulia. Mama Nasra anasema tukamwachie msitu wa Pande. Na mbona kwenye bustani za wanyama wanafugwa, mimi kosa langu nini? — Baba Nasra, Mbezi Luis.

JIBU: Baba Nasra, kabla ya tumbili tuanze na kidole. Hujaandika kama Nasra alipelekwa hospitali. Kama bado, mpeleke leo, hata kama kidonda kimeshakauka. Mbwa wa mtaani wanapita chini ya mwembe wako usiku, na kichaa cha mbwa kinamwingia tumbili kama kinavyomwingia mnyama yeyote anayenyonyesha. Mwambie daktari wazi kwamba ni tumbili, apime haja ya chanjo ya kichaa na ya pepopunda. Siku nyingine akiuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, ndipo mtoke nyumbani. Msipake mafuta ya taa wala majivu.

Sasa Bosi. Korodani za buluu si ugonjwa. Tumbili dume akipevuka ngozi ya pale hugeuka buluu, na kwa dume mwenye cheo katika kundi hung'aa kweli kweli. Naambiwa kuna mtu alimpaka tumbili wake dawa ya fangasi mwezi mzima kwa sababu hiyo. Hiyo rangi ndiyo jibu la swali lako lote: Bosi hajaharibika tabia, amekua. Porini, dume wa umri wake hukaribia kuaga kundi alilozaliwa na kwenda kutafuta kundi jingine. Majike hubaki na mama zao maisha yote; madume ndio wanaohama, na huko waendako lazima wapiganie nafasi. Mwili wa Bosi unamwambia ahame na apimane nguvu. Mnyororo una mita mbili, na wa kupimana naye ni Nasra.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tumbili akikukazia macho, akainua nyusi mpaka kope nyeupe zikaonekana, anakutishia. Akionyesha meno hacheki. Mtoto anayemtazama usoni na kumchekea, kwa lugha ya tumbili, amemwita vitani. Nina hakika Bosi alimwonya Nasra mara kadhaa kabla ya Ijumaa, ila hakuna aliyeelewa.

Kuyumbayumba na kujing'ata ni habari nyingine, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Miaka ya 1950 na 1960, mtafiti Harry Harlow kule Wisconsin, Marekani, aliwatenga watoto wa kima wa Asia, wale waitwao rhesus, na mama zao. Waliolelewa peke yao walijikumbatia, wakayumbayumba, wakajing'ata wenyewe. Majaribio yale leo yanalaaniwa kwa ukatili wake, lakini walichokionyesha hakijafutika: mtoto wa kima anahitaji mama na wenzake kama anavyohitaji maziwa. Bosi aliuzwa kichanga. Na kichanga wa tumbili haachii tumbo la mama yake kwa hiari. Kwa kawaida mama huuawa kwanza. Sikulaumu kwa kutojua, muuzaji huwa haisemi habari hiyo.

Kwa hiyo chonge: hapana. Jino la tumbili lina uhai ndani, lina mishipa ya damu na ya fahamu. Ukilikata kwa koleo au tupa, ule uhai unabaki wazi, vijidudu vinaingia, usaha unapanda kwenye taya. Chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani, AVMA, kinapinga kukata au kung'oa meno mazima ya kima wanaofugwa kwa ajili tu ya kuwafanya wasiume. Mimi sikuhitaji kusoma hilo mahali. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikubali kumkata dume mmoja, mwenye nyumba alinibembeleza na mimi nilitaka kuonekana najua. Baada ya wiki tatu uso ulikuwa umevimba, hali chakula, na bado alikuwa anauma kwa meno ya mbele. Alikufa. Sijarudia.

Kuhasi kunaweza kupunguza ukali kidogo, na hufanywa chini ya nusukaputi na mtu anayewajua wanyama hawa. Lakini hakumpi wenzake, na akishazoea kuuma, tabia hiyo haiondoki kwa kisu.

Pande nayo hapana, ingawa naelewa moyo wa Mama Nasra. Bosi hajui chui ni nini. Watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney, waliowafuatilia tumbili wa Amboseli, Kenya, walieleza mwaka 1980 kwamba wana mlio tofauti kwa chui, kwa tai na kwa nyoka, na kila mlio una mbio zake: huu panda juu, huu tazama angani, huu simama uchungulie majani. Watoto hujifunza kuutumia vizuri kwa kuwatazama wakubwa. Bosi amejifunza honi ya bodaboda. Wenyeji wa msitu watampiga, naye atarudi kwenye majiko ya Mbezi na Goba kutafuta mkate, mpaka mtu ampige jiwe. Pia amekaa na binadamu miaka minne, na kifua kikuu huambukiza kima kutoka kwetu. Ukimwachia bila vipimo unaweza kulipelekea kundi zima ugonjwa.

Kuhusu bustani za wanyama, swali lako ni la haki. Tofauti ya kwanza ni kibali. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini, na mnyama hai asiye na kibali anahesabika nyara ya serikali sawa na jino la tembo. Lakini kibali peke yake hakimfanyi mnyama aishi vizuri. Nimesimama mbele ya simba anayekwenda na kurudi kwenye mstari uleule mpaka sakafu imelika, na watu wazima wanacheka, "anafanya mazoezi". Ni ugonjwa uleule wa Bosi. Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason walionyesha kwamba wanyama wala nyama wanaozunguka eneo kubwa porini ndio wanaoathirika zaidi wakifungiwa, kwa tabia za kujirudiarudia na kwa vifo vya watoto wao. Binafsi naona kuna wanyama ambao bustani nzuri inawamudu, na wengine hakuna bustani itakayowamudu. Tumbili yumo kwenye wanaowezekana, kwa sharti la kundi. Peke yake, hata kwenye banda la dhahabu, hapana.

Unachopaswa kufanya ni kuwatafuta TAWA, mamlaka inayosimamia wanyamapori nje ya hifadhi za taifa, kabla wao hawajakutafuta. Sitakudanganya kwamba hakuna hatari ya kisheria. Ongea na mwanasheria kwanza. Nitakuandikia ripoti ya afya ya mnyama uende nayo. Lengo ni apatiwe mahali penye tumbili wengine, ajulishwe nao taratibu. Tumbili anayetunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo usiseme amechelewa.

Hadi siku hiyo: watoto wasimkaribie, na mtu mmoja tu mzima amhudumie. Acheni soda, biskuti na chipsi. Mpe matembele, mchicha, mapapai, mapera, ukwaju, karanga chache zisizo na chumvi na yai la kuchemsha mara moja moja. Kama sisi, tumbili hatengenezi vitamini C mwilini, na akila ugali tupu ufizi utaoza. Usimwekee kwenye bakuli. Tawanya kwenye majani makavu, fungia karanga kwenye chupa yenye matundu madogo, mtundikie matawi mabichi kila asubuhi. Porini sehemu kubwa ya siku yake ingekwisha akitafuta chakula. Kumpa kila kitu kwa dakika mbili ni kumwachia saa kumi za kujing'ata. Kidonda cha mkono osha kwa maji ya chumvi akikuruhusu; asipokuruhusu usishindane naye, nakuja.

Na nitumie leo picha ya kiuno chake pale mkanda unapopita. Uliufunga lini, na umeulegeza mara ngapi tangu akue?