Kabla Hujamsaka Msaliti, Mlipe Wakala

Agosti 2022 tuliangushwa vibaya. Nilikuwa katibu wa chama katika wadi moja kule Kisauni, Mombasa, na kikao cha kwanza baada ya matokeo tulikimaliza tukitafuta nani alituuza. Kila mtu alikuja na jina lake mfukoni. Walianza kutajwa waliokosa tiketi kwenye mchujo wa chama wa kuteua wagombea, wakafuata vijana wa kampeni, mwisho nikatajwa na mimi.

Mlangoni alisimama mama aliyekuwa wakala wetu wa kulinda kura katika kituo cha kupigia kura cha shule ya msingi, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi alfajiri ya pili. Posho yake hatukuwa tumemlipa. Akafungua pindo la leso, akatoa nakala ya fomu ya matokeo, imekunjwa mara nne.

"Mwanangu, kura zenu ninazo hapa. Haki yangu iko wapi?"

Basi nanyi, chama chenu kikishindwa uchaguzi, anzieni hapo: walipeni mawakala. Tulichangishana kwa M-Pesa wiki tatu nzima, kwa aibu, hadi tukawalipa wote. Ndipo fomu zikaja. Tulipozitandaza mezani, kituo kwa kituo, tuliona tulichokuwa hatutaki kukiona: wapinzani hawakuongeza kura nyingi. Watu wetu ndio hawakutoka nyumbani, hasa mitaa ambayo mtu wao alinyimwa tiketi baada ya kushinda mchujo.

Wazee wa chama wanaikumbuka KANU. Ilitawala Kenya tangu 1963, ikaangushwa Desemba 2002, na bado ilibaki na wabunge wa kutosha kuwa upinzani wa maana. Kisha Uhuru Kenyatta na Nicholas Biwott wakang'ang'ania kiti cha mwenyekiti hadi mahakamani. Uchaguzi wa 2007 ukakikuta chama kikimpigia debe Mwai Kibaki, yule yule aliyekishinda.

Ghana walifanya vingine. NDC, chama kilichokuwa madarakani, iliposhindwa Desemba 2016 iliunda kamati chini ya Profesa Kwesi Botchwey, ikazunguka nchi kuwasikiliza wanachama wa matawini. Haikuwa dawa ya siku moja, maana 2020 walishindwa tena. Walirudi madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 2024.

Kuhusu umoja, mikutano ya maombi na picha za kushikana mikono sina imani nazo. Aliyedhulumiwa mwendee kwake, peke yako, bila kamera. Mimi nilimwendea yule aliyenyimwa tiketi. Alinikalisha barazani karibu nusu saa, namsikia ndani akicheka na wanawe. Alipotoka hata salamu hakunijibu.

"Umekuja kuniomba nini, Katibu?"

Nikamwambia sikuja kuomba, nimeleta fomu za vituo vya mtaani kwake, nataka anieleze. Akazichukua, akavaa miwani, akasoma ya kwanza, akarudia. Kisha akageuka mlangoni akaagiza chai, vikombe viwili.