Kabla hujanunua plagi, angalia oili

Toyota IST yangu ilianza kunisumbua kwenye mlima wa Bugando, hapa Mwanza. Mwanzoni niliusingizia mlima, maana pale gari dogo lenye abiria wanne lazima lihemee. Ila siku bodaboda yenye mishikaki iliponipita huku nimekanyaga mafuta hadi chini, nikajua kuna jambo. Na nikisimama kwenye foleni ya Buzuruga, sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe.

Fundi wa kwanza alinibadilishia plagi nne na koili mbili. Siku ya tatu taa ya cheki injini ikawaka tena. Wa pili, kule Nyakato, alichomeka mashine ikasoma P1349, namba ya hitilafu ya mfumo unaopanga muda wa valvu za hewa kufunguka, kisha akaniuliza, "Kaka, oili ulimwaga lini mara ya mwisho?" Sikukumbuka. Nilikuwa naongezea tu.

Injini ya IST yangu, 1NZ-FE, ina VVT-i, ndio mfumo huo. Kompyuta ya gari inasoma sensa za krenki na kemu (shafti inayofungua valvu), halafu inapeleka umeme kwenye valvu ndogo iliyochomekwa kwenye silinda hedi. Wengi hudhani valvu hii ndiyo inayoingiza hewa kwenye silinda. Sivyo. Kazi yake ni kugawa oili: inaisukuma upande huu au ule ndani ya gia ya kemu ya upande wa hewa, kemu inajizungusha kidogo, na valvu za hewa zinawahi au kuchelewa kufunguka kulingana na mwendo. Kwa hiyo amri ni ya umeme, lakini msuli ni oili. Oili ikigeuka tope, kompyuta itaamuru mpaka ichoke.

Valvu yangu ya oili ilikuwa imekwama. Inashikwa na bolti moja tu, ikatoka nyeusi kama sufuria ya mkaa. Tuliisafisha kwa dawa ya kabureta, tukabadilisha oili na filta. Ila kilichonishangaza ni kichujio chake cha waya, kidogo kama kofia ya kalamu, kilichojificha nyuma ya bolti yake peke yake kwenye silinda hedi. Mafundi wengi hawakigusi kabisa. Changu kilikuwa kimeziba nusu nzima.

Usikubali kuuziwa valvu mpya kabla haijapimwa. Injini ikiwa ya baridi, mita ya umeme ikipima ukinzani wa valvu isome kati ya omu 6.9 na 7.9. Kisha injini ikiwa kwenye sailensi, chomoa soketi, fundi aipe valvu umeme wa betri kwa muda mfupi: injini ikitetemeka au kuzima, valvu inacheza. Isipobadilika hata kidogo, imekwama au njia ya oili imeziba.

Siku hizi naweka 5W-30, si ile nzito niliyoshauriwa eti "gari limezeeka". Na nikipeleka gari kuoshwa, vijana wa pampu nawaambia kabisa: boneti haifunguliwi. Maji yakiingia kwenye ile soketi, taa itawaka tena na utarudi kununua plagi.