Karavani ya mtumba iwe chumba changu cha kushonea, nichukue ipi?

SWALI: Habari dada. Mi nashona mikoba ya vitambaa, nyumbani nafasi imeisha kabisa. Nimeona karavani mbili zilizotumika, zile nyumba za magurudumu, moja ina injini yake na ndani inang'aa, nyingine ni ya kuvutwa, imechakaa kwa macho. Itakaa uani tu, mara mojamoja niende nayo kwenye maonyesho. Unanishauri nini?

JIBU: Mdogo wangu, afadhali umeuliza kabla hujatoa hela. Vitu hivi vinauawa na maji ya mvua kuliko kilomita. Paa lina viungio na vidirisha vya hewa, sasa ile silikoni ya kuzibia ikikauka ikapasuka maji yanapenya kidogokidogo yanakaa kwenye mbao ndani ya ukuta na wewe kwa nje huoni kitu. Kwahiyo hiyo inayong'aa ndo uikague zaidi, rangi mpya darini inaweza kuwa inaficha doa.

Mwambie muuzaji asiifungue mpaka ufike. Ukiingia nusa kwanza, harufu ya ukungu au marashi mengi kupita kiasi, shtuka. Halafu bonyeza kwa dole gumba kona za dari, chini ya madirisha, na sakafu pale mlangoni, pakibonyea kama mkate uliolowa chai ondoka hata akupunguzie nusu ya bei. Vitambaa vinanyonya unyevu jamani, na ile harufu ukiishona ndani ya mkoba inaenda nayo mpaka kwa mteja.

Mi ningechukua ya kuvutwa, ilimradi ni kavu. Injini inayokaa bila kutembea inaharibika, betri inakufa, mafuta yanachacha, sasa ya nini? Uchakavu wa macho ni rangi na mapazia tu, vitanda unang'oa unaweka meza ya kukatia chini ya dirisha kubwa.

Tairi soma zile tarakimu nne ubavuni, 2318 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018, likishazeeka usiende nalo barabarani hata kama linaonekana jipya. Na siku ya safari mwaga tanki la maji, lita 100 ni kilo 100 hizo, bora ubebe majora.

Umeme usisahau. Cherehani inakula kidogo, shida ni pasi, ya wati 2000 kwenye betri ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 160, betri haikufikishi popote. Nenda na fundi umeme aangalie nyaya, na pasi yako ubebe, ichomekwe kwenye umeme wa kawaida hapohapo muuzaji akiwepo.