Muulize Mzee wa Sinema: Yule Mchekeshaji Ameninyima Usingizi

Swali: Mzee, habari za siku? Jumamosi nilimwambia kijana wa duka la muvi hapa mtaani anijazie flashi kitu cha kuchekesha. Wanangu wanampenda Robin Williams, yule baba anayejifanya yaya katika *Mrs. Doubtfire*. Akaniwekea *One Hour Photo*. Tulipofika pale amesimama mbele ya ukuta uliojaa picha za familia ya watu, niliwafukuza watoto wakalale, nikabaki natetemeka peke yangu. Mtu mwema vile anapewaje kazi ya adui?
*Mama Wawili, Umoja*

Jibu: Pole, Mama Wawili. Huyo kijana aliangalia sura, filamu hakuiangalia.

Kabla ya kushika kalamu nilikuwa nasafisha picha katika studio moja River Road, enzi za roli za picha 36. Kwa hiyo filamu hiyo ya 2002 ilinigusa pabaya. Sy, anayeigizwa na Williams, anafanya kazi ileile ndani ya duka kubwa, na mama wa ile familia ya ukutani akileta roli, Sy anachapa seti moja zaidi ya kwenda nayo nyumbani kwake. Sisi pia tuliona kila kitu: harusi, matanga, na zile picha ambazo mwenyewe huzichukua akiangalia sakafu. Nakala ya pili ilikuwa kubonyeza kitufe tu. (Sikubonyeza, usiniulize.)

Wangempa kazi hiyo mtu mwenye kovu, ungemshuku tangu dirishani. Williams ulishamfungulia mlango tangu *Mrs. Doubtfire* ya 1993. Unaanza kwa kumhurumia, na ukija kushtuka yuko sebuleni. Tena hakukunja uso. Nywele zimepaushwa, sauti imeshuka, tabasamu ni lilelile la yaya.

Sergio Leone, mwongozaji wa filamu za kauboi, aliijua siri hiyo mapema. Henry Fonda, stelingi wa miaka mingi, alipoitwa kuwa adui katika *Once Upon a Time in the West* ya 1968, alifika na masharubu na lenzi za kahawia ili aonekane mbaya. Leone akamwambia atoe vyote. Alitaka watu wayaone macho ya buluu waliyoyazoea, kwenye uso wa mtu anayeua mtoto.

Ukirudi dukani, mkatalie kijana *Insomnia*. Ni ya mwaka huohuo, 2002, na humo mtu wako anaua kabisa.