Poka ya Runingani: Ikiwa Ni Mchezo wa Akili, Je, Bado Ni Kamari?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Tupo vijana sita tunaotazama pamoja kwenye runinga mashindano ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau. Watangazaji wanasema ni mchezo wa akili na hesabu, na siku hizi unaonyeshwa kwenye chaneli za michezo sambamba na mpira. Tulianza kucheza nyumbani bila fedha. Sasa kila mmoja hutoa elfu moja, na wa kwanza huchukua elfu sita zote. Mwenzetu mmoja aliingia mashindano ya bure ya mtandaoni yenye zawadi, baadaye akaweka fedha zake na ameshinda. Tunaomba hukumu ya kucheza, ya kutazama, na ya fedha ambazo tayari zimeshaingia mikononi.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Mchezo wenu wa elfu moja moja ni kamari na ni haramu. Katika hilo hakuna khilafu, na uchache wa kiingilio haubadilishi kitu. Lakini nyinyi mmekuja na hoja ya akili, na hoja hiyo inastahili kujibiwa vizuri kwa sababu imewaingia wengi.

Watangazaji hubishana kama poka ni bahati au ustadi, kana kwamba ukithibitisha ustadi umemaliza kesi. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, hawakuuliza hivyo. Wao walitazama mali: inatoka kwa nani, na inakwenda kwa nani? Watu wakiingia katika jambo huku kila mmoja ama achukue mali ya mwenzake ama apoteze yake, pasipo bidhaa iliyonunuliwa, pasipo kazi iliyofanywa, pasipo zawadi iliyotolewa kwa moyo, hiyo ni kamari. Sataranji, yaani chesi, haina karata ya kuficha wala dadu ya kurusha, ni fikra tupu. Katika madhehebu ya Shafi'i ni makuruhu, yaani inachukiza bila kuwa haramu, ikichezwa bila dau, lakini wachezaji wote wawili wakiiwekea dau ni haramu kwa kauli moja. Ikiwa fikra tupu haikuhalalisha dau la sataranji, poka haina pa kushika.

Na hiyo akili yenyewe ya poka, tuipime. Katika namna inayoonyeshwa zaidi runingani, kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, kisha karata 5 za wote hufunuliwa mezani: 3 kwanza, halafu 1, halafu 1, na dau huwekwa katika duru nne. Kupata ree mbili (karata za A) mwanzoni hutokea kwa wastani mara 1 kati ya 221. Na huyo mwenye ree mbili, akikutana na mtu mwenye wafalme wawili (karata za K) na wote wakaweka kila walichonacho, bado hushindwa karibu mara 1 kati ya 5. Hesabu ipo, hakuna anayeikana. Lakini sehemu kubwa ya kile kinachosifiwa kuwa ustadi ni kukausha uso na kumfanya mwenzako aamini una karata usizokuwa nazo, ili aogope, ajitoe, uchukue mali yake. Allah anasema katika Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, kwamba ulevi na kamari ni uchafu katika kazi ya Shetani, na kwamba kwa hivyo viwili Shetani anataka kutia uadui na chuki baina yenu na kuwazuilieni kumkumbuka Allah na kusali. Marafiki sita wanaojifunza kudanganyana kwa uso mkavu ili kunyang'anyana elfu moja wameshaanza safari hiyo, hata kama leo bado wanacheka pamoja.

Sasa runinga. Kwa miaka mingi poka ilikuwa haitazamiki, kwa sababu mtazamaji haoni karata za mtu. Mashindano makubwa ya Las Vegas yalianza mwaka 1970 na hayakuwa gumzo la dunia. Kilichogeuza mambo ni kamera ndogo inayoona karata za siri za mchezaji. Henry Orenstein wa Marekani alipata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu huo, mwaka 1995, na mwaka 1999 Channel 4 ya Uingereza ikaonyesha poka kwa kamera za chini ya meza ya kioo. Mtazamaji akawa anajua siri za wote walioketi mezani. Kutoka hapo kila mmoja hujiona angecheza vizuri kuliko aliyekaa pale, naye anahukumu kwa habari ambazo mchezaji hana.

Pigo kubwa likaja mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu wa kawaida, aliingia kwa kulipa dola 86 katika mchujo wa mtandaoni, akapata kiti cha mashindano hayo ya Las Vegas ambayo kiingilio chake ni dola 10,000, na akaondoka na dola milioni 2.5. Kisa hicho kilirushwa na kurudiwa runingani. Washiriki mwaka huo walikuwa 839. Mwaka 2004 wakawa 2,576, na mwaka 2006 wakafika 8,773.

Zitazameni hesabu za mwaka 2003 kwa jicho la fiqhi. Viingilio 839 vya dola 10,000 ni dola 8,390,000. Zilizogawiwa washindi ni dola 7,802,700, tofauti ilibaki kwa waandaaji. Waliolipwa chochote ni 63. Maana yake watu 776 waliondoka mikono mitupu, na milioni zile za bingwa zimetoka katika viingilio vyao. Kamera haikai na hao. Haikai pia na saa nyingi za kujitoa na kungoja, maana kipindi kimekatwa kikabakizwa michezo yenye msisimko, kwa hiyo kijana aliyejifunzia runingani hudhani kila karata inafaa kuchezwa. Anaongeza dau pale ambapo mzoefu angejitoa, anapoteza, kisha anaongeza tena ili arudishe. Wengi huzama kwa kule kutaka kurudisha, kwani kiingilio cha kwanza peke yake kingewauma siku moja tu.

Msiseme pia kwamba baadhi ya mashindano hayo huchangia mayatima. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakichinja ngamia na kupiga kura kwa mishale kumi. Saba ilikuwa na mafungu, wa kwanza fungu moja hadi wa saba mafungu saba, na mitatu ilikuwa mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu alilipa bei ya ngamia na hakupata nyama. Washindi nao waliona aibu kuila nyama ile, wakiwagawia masikini na kujifaharisha kwayo. Pamoja na hayo aya ya 219 ya Surat al-Baqara ilikiri kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, ikasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, na baadaye vikaharamishwa moja kwa moja. Ikiwa nyama ya masikini haikuiokoa kamari ile, hundi ya hisani haitaiokoa hii.

Kucheza bila fedha ni suala lenye maelezo. Wanazuoni wa Shafi'i waliweka kanuni: mchezo unaosimama juu ya hesabu na fikra hauharamishwi kwa asili yake, na unaosimama juu ya kubahatisha unaharamishwa, kama alivyoharamisha Mtume, rehema na amani zimfikie, mchezo wa dadu uitwao nardashir, kwa hadithi ya Muslim inayomfananisha mchezaji wake na aliyechovya mkono katika nyama ya nguruwe na damu yake. Poka imechanganya yote mawili, na kwa hiyo wapo watakaokwambia bila dau ni makuruhu. Mimi nasema iacheni. Michezo mingine ya karata ina maana hata bila dau, ila poka imejengwa juu ya dau lenyewe: ukiliondoa, hakuna anayeogopa kupandishiwa, na mchezo unachusha. Ndiyo sababu nyinyi hamkukaa kwenye mchezo wa bure. Na jihadharini na dau lililovaa nguo nyingine. "Atakayefungwa atanunua chakula" ni dau. Tokeni za programu ya simu zinazonunuliwa kwa fedha na kushindaniwa ni dau, hata kama huwezi kuzibadilisha tena ziwe fedha.

Mashindano ya bure yenye zawadi, ulizeni zawadi ni nini. Mara nyingi ni tiketi ya kuingia shindano la kulipia, au salio ambalo hulitoi mpaka ucheze nalo. Hiyo ni chambo, na mwenzenu amekwisha kunasa. Hata ikiwa zawadi ni fedha taslimu kutoka kwa mdhamini, Mtume, rehema na amani zimfikie, amesema hakuna zawadi ya shindano ila katika mshale, ngamia au farasi, na wanazuoni walipopanua wakapanua kwa yale yenye nguvu na manufaa kama hayo. Poka haimo.

Kuhusu kutazama: aliyepitisha macho akibadilisha chaneli hana dhambi. Kukaa kwa makusudi kuufuata mchezo wa kamari kwa furaha, mkishangilia mali ya mtu inavyochukuliwa, haifai. Allah amewasifu waja wake katika Surat al-Furqan, aya ya 72, kwamba hawashuhudii uovu, na wakipita penye upuuzi hupita kwa heshima yao. Kwenu nyinyi ni zito zaidi, maana runinga ndiyo iliyokuwa darasa lenu. Na anayewaita wenzake kwa ujumbe wa simu, "njooni leo tucheze," ajue kwamba katika hadithi ya Bukhari na Muslim anayemwambia mwenzake njoo nicheze nawe kamari ameamrishwa atoe sadaka, kwa kule kuita tu.

Fedha zilizokwisha ingia. Za nyumbani wenyewe wanajulikana, basi zirudi kwao. Kaeni mpige hesabu ya wiki zote. Tuseme mmecheza mara nne: kila mmoja ametoa elfu nne, mmoja ameshinda mara mbili, wawili wengine mara moja moja, watatu hawakushinda kabisa. Wa kwanza amepokea elfu kumi na mbili, basi arudishe elfu nane. Wale wawili wamepokea elfu sita kila mmoja, warudishe elfu mbili mbili. Jumla elfu kumi na mbili, na watatu wa mwisho wapate elfu nne nne. Asiyekumbuka vizuri akadirie juu, asikadirie chini. Mwenye haki akisamehe inajuzu, ila aulizwe faraghani, kwa sababu msamaha wa mbele ya kundi mara nyingi ni wa haya.

Za mtandaoni wenyewe hawajulikani. Mwenzenu ajumlishe alichokwisha kutoa na salio lililobaki, aondoe alichoweka mwenyewe. Ikiwa aliweka elfu hamsini, ametoa elfu thelathini na salio ni elfu arobaini na tano, basi elfu ishirini na tano si zake. Salio asiliache kwa kampuni, maana atakuwa amewaongezea mtaji. Alitoe, na ziada awape mafakiri au aielekeze kwenye maslahi ya umma, kwa nia ya kujitoa katika haramu, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Asiitolee zaka akidhani imetakasika. Ikiwa amekwisha itumia na hana kitu, inabaki kwenye dhima yake, atatoa kidogo kidogo kadiri atakavyojaaliwa. Kisha aombe kampuni imfungie akaunti moja kwa moja badala ya kufuta programu tu, kwa sababu programu iliyofutwa hurudishwa usiku mmoja wa udhaifu.

Lipo na suala ambalo hamkuuliza lakini hufuata. Mtu akibakiwa na deni la mezani, yaani alishindwa na hakulipa, deni hilo halipo katika sheria ya Kiislamu na asililipe. Ama fedha alizokopa kwa mtu mwingine ili acheze, hizo ni mkopo, lazima azirudishe kamili.

Wallahu aalam.